Anza na Kazi, Urudi kwenye Kozi: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Masomo ya Chuo kwa Vijana wa Lamu

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yanapotangazwa, baraza ya nyumba yetu hapa mtaa wa Langoni hujaa vijana wenye simu mkononi na swali moja: "Nimepata alama hizi, nichukue kozi gani?" Nimewajibu wengi kwa mdomo, na baadhi yao wamenirudia miaka minne baadaye wakiwa na shahada iliyohifadhiwa vizuri ndani ya bahasha, na swali la pili lililo zito kuliko la kwanza: "Hii nimeshaipata. Sasa inaniajiri wapi?"

Kosa ni lile lile kila mwaka. Kijana huchagua jina la kozi linalopendeza masikioni, akatumaini kwamba kazi itajitokeza yenyewe huko mbele. Mwongozo huu unakutaka ufuate mwelekeo wa kinyume: uanze na kazi, urudi nyuma hadi kwenye leseni inayoiruhusu, kisha kwenye kozi, na mwisho ndipo ufungue alama zako. Nimeuandika nikiwafikiria vijana wa Lamu kwa kuwa ndiko niliko, lakini wa Malindi na Kilifi watauona unawafaa pia.

Shughuli yote huchukua kama wiki mbili ukiifanya kwa utulivu. Usiianze siku mbili kabla ya dirisha la maombi kufungwa.

Vitu utakavyohitaji

- Karatasi ya matokeo ya KCSE, yenye gredi ya kila somo na si wastani peke yake.
- Kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, na nakala zake.
- Daftari moja na kalamu. Simu haitoshi, kwa sababu utahitaji kuona kurasa mbili kwa wakati mmoja.
- Bando la intaneti, au pesa za saiba za siku mbili au tatu.
- Nauli ya mashua au gari ya kwenda kuwaona watu watatu wanaofanya kazi unazozitamani.
- Mzazi au mlezi atakayekaa nawe jioni moja kuzungumzia pesa bila kuficha.

Hatua ya 1: Andika siku ya kazi, usiandike jina la kazi

Fungua ukurasa wa kwanza wa daftari na uandike kazi tatu unazozitaka. Chini ya kila moja, eleza siku yake ya kawaida tangu asubuhi hadi jioni: uko wapi saa nne ya asubuhi, umeshika nini mkononi, unazungumza na nani, ni nani anayekuamrisha, unalala wapi, na mwisho wa mwezi ni nani anayekulipa na kwa utaratibu gani.

Ninasisitiza haya kwa sababu jina la kazi huficha maisha yaliyo ndani yake. "Baharia" ni neno moja, lakini anayefanya kazi kwenye meli ya mizigo huondoka nyumbani kwa miezi mingi chini ya mkataba, wakati mwenzake aliyesomea usafirishaji wa mizigo anakaa ofisini karibu na gati, anashughulika na nyaraka za forodha, na jioni anarudi kwake. Wote wawili wanasema wanafanya kazi za bahari. Yule asiyeweza kukaa mbali na mama yake mgonjwa anapaswa kuijua tofauti hiyo kabla ya kulipa karo, si baada yake.

Vivyo hivyo kwa hoteli. Anayefanya kazi za watalii Watamu, Malindi au Shela hujua kwamba mwaka una msimu, na kwamba masika ya mwezi wa nne na wa tano huleta siku chache za kazi, hoteli nyingine zikafunga kabisa kwa muda. Hilo halimaanishi kazi hizo ni mbaya. Linamaanisha kwamba mshahara wa Disemba lazima ukulishe hadi Mei.

Utajua umemaliza hatua hii vizuri pale ambapo mtu asiyekujua anaweza kusoma ukurasa wako na kukueleza siku hiyo bila kulitaja jina la kazi. Ukikuta umeandika maneno kama "kusaidia jamii" au "kuwa ofisini", bado hujaandika kitu. Rudia.

Hatua ya 2: Mtafute anayeifanya kazi hiyo, ukae naye

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi kuliko zote, na ndiyo ninayoiamini zaidi kuliko zote. Vijana wetu wana haya, na haya ni sifa njema, lakini hapa inawagharimu. Mji wetu ni mdogo. Karibu kila kazi unayoiwazia ina mtu anayeifanya umbali wa mashua moja tu.

Omba nusu siku. Nenda na mtu mzima anayefahamika, salimu ipasavyo, eleza kwamba hutafuti kazi wala msaada wa pesa bali unataka kuona, kisha keti pembeni na daftari lako. Wachache sana watakukatalia.

Niruhusu nieleze mara moja ilivyokuwa. Nilimsindikiza binti mmoja aliyetaka "udaktari" hadi kwa afisa wa kliniki kwenye kituo cha afya. Alidhani ataona sindano na dawa. Alichokiona kwa saa tatu za mwanzo kilikuwa daftari kubwa la rejista, ambamo kila mgonjwa huandikwa jina, umri, kijiji, dalili na matibabu, mstari kwa mstari, na mkono wa yule afisa haukupumzika. Kisha akaona jambo ambalo hakuna kijitabu cha chuo kinacholiandika: foleni ilifuata maji. Wagonjwa waliotoka upande wa Pate walikuwa wakitazama saa kila mara, kwa sababu mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki vizuri maji yakipwa, na asiyetibiwa kabla ya maji kutoka hulazimika kulala mjini. Afisa yule alijua ni nani wa kumtanguliza na ni nani wa kumtuliza, na alifanya hivyo kwa upole, bila kuinua sauti.

Tulipotoka, binti akaniambia, "Ami, sikujua kwamba kazi hii ni ya kuandika na kusikiliza." Nikamuuliza kama bado anaitaka. Akasema anaitaka zaidi. Huo ndio uamuzi wenye mizizi. Mwingine angesema haitaki, na huo nao ungekuwa uamuzi mwema, tena wa bei nafuu sana ukiulinganisha na miaka mitatu ya karo.

Ukishakaa na mtu huyo, muulize haya, uandike majibu yake kama anavyoyatamka:

- Ulisomea nini hasa, na wapi? Wenzako mnaofanya kazi moja walisomea nini?
- Ni karatasi gani ambayo bila hiyo usingeruhusiwa kufanya kazi hii?
- Ilikuchukua muda gani tangu kumaliza chuo hadi mshahara wa kwanza, na katikati ulikuwa unakula nini?
- Ni kitu gani cha chuoni unachokitumia kila siku, na kipi hukukitumia kamwe?
- Ungeanza upya, ungepitia njia ipi?

Swali la kwanza ndilo lenye mshangao mwingi. Utakuta mhasibu wa hoteli aliyesomea ualimu wa hisabati, na afisa wa mradi wa mikoko aliyesomea jiografia. Utakuta pia fundi wa injini za mashua aliyeanza bila cheti chochote na sasa anatafutwa na kila mtu. Majibu haya yatakupa picha ya njia halisi, ambazo aghalabu hazikunyooka kama zinavyochorwa kwenye mabango ya vyuo.

Tahadhari: usimuulize mtu mshahara wake. Uliza, "Anayeanza kazi hii leo hulipwa kama kiasi gani?" Atakujibu kwa uhuru, na hutakuwa umevunja adabu.

Hatua ya 3: Chora njia kwa kurudi nyuma

Sasa chukua kurasa mbili zinazotazamana. Upande wa kulia andika kazi. Kutoka hapo rudi kushoto, ukijaza kila kituo: leseni au usajili unaohitajika, bodi inayoutoa, mafunzo ya vitendo yanayotangulia, kozi inayokubaliwa na bodi hiyo, na masomo ya KCSE yanayotakiwa ili kuingia kozi hiyo.

Ukifanya hivyo kwa kazi zako tatu, utaona kwamba kozi za chuo ziko za aina mbili. Ziko za mlango mmoja na ziko za milango mingi. Wengi wa wanaonirudia wakiwa wamekata tamaa hawakujua waliingia aina ipi.

*Kozi za mlango mmoja*

Hizi ni zile zinazoelekea kwenye taaluma inayolindwa na sheria. Mlango ni mmoja, unajulikana, na ufunguo wake ni usajili.

Afisa wa kliniki husoma diploma ya miaka mitatu, kwa kawaida KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ambacho kina kampasi Lamu na Malindi, kisha hufanya unagenzi, yaani kazi ya mafunzo chini ya usimamizi, na kusajiliwa na baraza la maafisa wa kliniki. Muuguzi wa diploma naye husoma miaka mitatu, na lazima afaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya. Daktari husoma miaka sita, kisha mwaka wa unagenzi hospitalini kabla ya kupewa leseni kamili. Wote watatu huvaa koti jeupe na wote huitwa "daktari" na wagonjwa wetu, lakini njia zao, gharama zao na mamlaka yao ni tofauti kabisa.

Sheria ni miaka minne ya shahada, kisha Shule ya Sheria ya Kenya, pamoja na miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili mzoefu, ndipo uapishwe. Kabla ya yote, kozi hiyo hutaka B katika Kiingereza au Kiswahili hata kama wastani wako unatosha, na hapo ndipo wengi huangukia. Aliyelelewa kwenye darsa na kuipenda fiqhi anapaswa kufahamu kwamba ukadhi nao ni kazi ya mahakama: Ibara ya 170 ya Katiba inataka kadhi awe Mwislamu mwenye ujuzi wa sheria za Kiislamu unaoridhisha Tume ya Huduma za Mahakama. Ni njia ya heshima, na hapa Lamu ina mizizi mirefu, lakini vijana hawaichori kwenye daftari kwa sababu hawaihesabu kuwa kazi ya kusomewa chuoni.

Ualimu wa sekondari una mtego wake. TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, humtazama mwalimu kwa masomo mawili ya kufundishia, na hutaka C+ ya KCSE katika kila moja, mbali na wastani wa C+. Kijana mwenye wastani mzuri lakini C katika somo moja anaweza kuhitimu na bado akakataliwa usajili. Kadhalika, anayesoma shahada ya sanaa au ya sayansi isiyo ya ualimu hawi mwalimu kwa kuhitimu tu. Atahitaji diploma ya uzamili ya elimu juu yake.

Uhandisi huchukua miaka mitano, na Bodi ya Wahandisi ya Kenya husajili wahitimu wa programu ilizozitambua. Hapa uliza jambo moja mahususi: je, programu hii, katika chuo hiki, imetambuliwa na bodi? Chuo chenye jina kubwa kinaweza kuwa na programu moja iliyotambuliwa na nyingine ambayo bado. Anayesoma diploma ya ufundi ana bodi yake nyingine ya mafundi sanifu, na ni vizuri aijue mapema. Anayetaka kuchora majumba na kukarabati mawe ya mji huu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, aanze kwa kuitazama bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji.

Bahari nayo ni mlango unaolindwa. Meli za kimataifa hufuata mkataba wa mwaka 1978 wa viwango vya mafunzo ya mabaharia, na hata anayekwenda kupika au kusafisha lazima apitie mafunzo ya msingi ya usalama: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wake mwenyewe na wa wenzake. Mamlaka ya Bahari ya Kenya ndiyo inayosimamia, na Chuo cha Bandari cha Mombasa ni miongoni mwa vinavyofundisha. Ninalitaja hili kwa uchungu kidogo, kwa kuwa tangu gati la kwanza la Bandari ya Lamu lifunguliwe Mei 2021 nimewasikia vijana wakisema, "Mimi ni mtoto wa nahodha, bahari naijua." Kweli unaijua. Lakini mwajiri wa meli hawezi kuupokea ujuzi wa babako mahali pa cheti. Huo ujuzi utakusaidia kufaulu mafunzo upesi, basi ukayafanye.

*Kozi za milango mingi*

Uchumi, sosholojia, historia, jiografia, biolojia, hisabati, lugha, usimamizi wa biashara na hata teknolojia ya habari ziko upande huu. Hakuna bodi inayokungoja mwishoni. Hizi si kozi dhaifu, na ninakasirika ninaposikia mzee akimwambia kijana kwamba historia haina kazi, hali makumbusho, ngome na magofu ya Gede yanahitaji watu waliosoma historia na akiolojia. Tofauti yake ni kwamba mlango hauchongwi na chuo; unauchonga mwenyewe kwa kile unachokiongeza.

Tuchukue biolojia ya bahari, kozi ambayo mtoto wa pwani anaweza kuisomea karibu na nyumbani. Mhitimu mmoja atakwenda kwenye utafiti katika taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambako bila shahada ya pili hufiki mbali. Wa pili atafanya kazi ya uhifadhi katika mbuga za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, na siku zake nyingi atakuwa kwenye boti na kwenye mikutano na wavuvi. Wa tatu atakuwa afisa wa uvuvi wa kaunti, akishughulika na vikundi vya ufuo, mizani na leseni. Wa nne atafungua biashara ya kuuza kaa na kamba, na wa tano atafundisha. Shahada ni ile ile. Kilichowatenganisha ni mahali walipofanya atachimenti (mafunzo ya kazini wakati wa masomo), lugha na ujuzi walioongeza, na watu waliowafahamu.

Basi ukichagua kozi ya milango mingi, andika kwenye daftari nyongeza mbili utakazozifanya ukiwa bado chuoni. Mwenye uchumi aongeze mitihani ya uhasibu ya CPA, inayotolewa na bodi ya mitihani ya KASNEB. Mwenye historia anayependa kutembeza wageni aongeze mitihani ya waongoza watalii, yenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Na akiwa Malindi ajifunze Kiitaliano, kwa sababu huko Kiitaliano ni ujuzi wa kula. Mwenye jiografia ajifunze kuchora ramani kwa kompyuta.

Nitaongeza jambo dogo. Kijana mmoja wa upande wa Ngomeni aliniambia anataka kusomea anga, kwa sababu ameishi akikitazama kituo cha anga cha Waitalia, ambacho majukwaa yake yaliwahi kurusha setilaiti kutoka baharini, ya kwanza mwaka 1967. Tuliichora njia yake pamoja, na tukagundua kwamba kinachofanya kazi katika mahali pa namna hiyo ni umeme, mawasiliano ya redio, kompyuta na mitambo. "Anga" ikawa diploma ya umeme na elektroniki. Ndoto yake haikupungua. Ilipata anwani.

Umefaulu katika hatua hii ikiwa kila kituo kwenye mchoro wako kina jina kamili, na hakuna mahali ulipoandika "baadaye nitaona".

Hatua ya 4: Sasa fungua alama zako

Ninaiweka hatua hii ya nne kwa makusudi. Ukianza na alama, utachagua kinachowezekana na kusahau kinachokufaa.

Kwa jumla, shahada huanzia wastani wa C+. Diploma huanzia C-, ingawa diploma za KMTC hutaka C na masharti ya masomo maalumu. Cheti cha ufundi huanzia D, na ngazi ya chini yake hupokea hata mwenye gredi iliyo chini zaidi. Kwa shahada, KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, hukokotoa pia alama za klasta kutokana na masomo manne yanayohusiana na kozi, na kiwango cha juu ni 48. Tazama alama za mwisho zilizokubaliwa mwaka uliopita kwa kozi unayoitaka, na uzichukue kama dira, kwa sababu hubadilika kulingana na walioomba.

Ikiwa alama hazifiki, usirukie kozi nyingine yenye jina linalofanana. Rudi kwenye mchoro na utafute ngazi ya chini ya njia ile ile. Mfumo wa kitaifa wa sifa umezipanga: cheti cha ufundi ngazi ya 5, diploma ya 6, shahada ya 7, na anayeanzia chini ana ruhusa ya kupanda. Mwenye C ya kawaida anayetaka kutibu watu yuko karibu zaidi na ndoto yake akiwa KMTC kuliko akiisubiri shahada ambayo haitakuja.

Na wewe mwenye C+, usiione diploma kuwa aibu. Swali si karatasi ipi ni kubwa. Swali ni ipi inayofika kwenye ule ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya miaka yote

Kaeni na mzazi. Orodhesheni karo, malazi, chakula, na nauli ya kutoka Mokowe hadi chuoni mara tatu kwa mwaka. Kisha ongezeni kinachosahauliwa na karibu kila familia: miezi ya atachimenti isiyo na malipo, ada za mitihani ya bodi, ada ya usajili, na muda wa kungoja kazi.

Upande wa pili andikeni mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), basari ya kaunti, basari ya eneo bunge, na ahadi za ndugu. Ahadi za ndugu zihesabiwe nusu. Si kwa kuwadharau, bali nao wana watoto. Mkumbuke pia kwamba HELB ni deni linalolipwa, na si zawadi.

Ikiwa pengo ni kubwa, bora kulijua leo. Nimeona wanafunzi werevu wakikwama mwaka wa tatu kwa sababu hesabu ilifanywa ya mwaka wa kwanza peke yake.

Hatua ya 6: Hakikisha chuo, kisha jaza maombi

Chuo kikuu kitafutwe kwenye orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na chuo cha kiufundi kwenye orodha ya TVETA, mamlaka ya mafunzo ya kiufundi. Mpwa wangu alilipa muhula mzima katika chuo kimoja kilichokuwa na bango kubwa na ofisi nzuri, tukaja kugundua kwamba hakikuwa na usajili wa kozi aliyokuwa akiisoma. Pesa hazikurudi. Dakika kumi za kuuliza zingetuokoa.

Unapojaza maombi ya KUCCPS, fanya hivi:

1. Weka nywila yako mwenyewe na usimwachie mhudumu wa saiba aihifadhi. Wapo walioshtukia machaguo yao yamebadilishwa.
2. Nakili namba ya kozi kutoka daftarini, tarakimu kwa tarakimu. Kozi mbili za jina moja katika vyuo viwili zina namba tofauti.
3. Chaguo la kwanza liwe lile unalolitaka kwa dhati na ambalo klasta yako inalikaribia. Machaguo yanayofuata yawe ya njia ile ile, yenye alama za chini zaidi.
4. Chapisha ukurasa wa uthibitisho kabla ya kuondoka kwenye kiti.

Ukipokea barua inayodai pesa zitumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi, usitume. Piga simu chuoni kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

Hatua ya 7: Panga atachimenti tangu mwaka wa kwanza

Wengi husubiri barua ya chuo, wakaichukua nafasi yoyote iliyobaki, wakamaliza miezi mitatu wakipiga fotokopi. Kwa kozi ya milango mingi, huko ni kuitupa nafasi iliyo bora kuliko darasa lolote.

Rudi kwa wale watu watatu wa Hatua ya 2. Wanakujua tayari. Waambie mwaka mmoja mapema kwamba utahitaji nafasi, na uwapelekee barua rasmi mara chuo kikiitoa. Ukifika, chagua kazi moja ndogo ambayo hakuna anayeipenda, uifanye mpaka uizoee: kupanga rejista, kupima samaki, kusahihisha orodha ya vifaa. Jaza daftari la kumbukumbu kila jioni, si wiki ya mwisho kwa kukumbuka, kwa sababu msimamizi anaposaini ukurasa wenye tarehe na kazi halisi, anakuandikia barua ya mapendekezo bila kujua.

Ikiwa tayari uko chuoni na kozi si yenyewe

Usiache masomo kwa hasira. Chora mchoro ule ule ukianzia hapo ulipo, na uulize maswali mawili: ni mlango upi kati ya milango ya kozi hii ulio karibu na kazi ninayoitaka, na ni nyongeza gani fupi itakayonifikisha? Uhamisho wa kozi huwezekana, lakini ni rahisi zaidi mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, kabla vipindi havijakwenda mbali. Ukiwa mwaka wa tatu, mara nyingi kumaliza na kuongeza ni nafuu kuliko kuanza upya.

Waliokwisha hitimu na wanaokaa nyumbani nao wana daftari lao. Waanze Hatua ya 2, hata kama wana shahada, kwa sababu aliyehitimu akikaa nusu siku na anayefanya kazi husikia mambo ambayo wa kidato cha nne hawezi kuyasikia. Baraza yangu iko wazi baada ya alasiri, isipokuwa Ijumaa. Njoo na kurasa mbili zilizojazwa, tuzisome pamoja.